Kuna Rukwa la Pili

Msikilizaji, Ziwa Rukwa unalijua hata kama hujawahi kufika. Liko kusini magharibi mwa nchi, ndani ya Bonde la Ufa, maji yake ya magadi, mamba wake wa kutisha, na kina chake hupanda na kushuka kwa kadiri ya mvua. Leo nataka tuzungumze habari za Rukwa la pili. Hilo halina mamba wala mvuvi, na hata hayo maji yenyewe halina. Liko kwenye Titani, mwezi mkubwa kuliko miezi yote ya Zohali, ile sayari yenye pete, zaidi ya kilomita bilioni moja kutoka hapa Ukonga. Si utani wa mtandaoni. Kwenye ramani za wanaastronomia limeandikwa hivyo hivyo: Rukwa.

Limejulikanaje? Chombo cha Cassini, kazi ya pamoja ya Marekani na Ulaya, kiliondoka duniani Oktoba 1997, kikaanza kuizunguka Zohali katikati ya mwaka 2004, na kikabaki huko hadi Septemba 2017 kilipoelekezwa kwa makusudi kizame ndani ya sayari hiyo kiteketee. Kwa miaka hiyo yote kilituma picha zaidi ya 450,000. Tatizo la Titani ni kwamba imefunikwa na ukungu mzito wa rangi ya chungwa, na kamera ya kawaida ikielekezwa pale hairudi na kitu cha maana. Kwa hiyo Cassini kilitumia rada. Kilirusha mawimbi ya redio, yakapenya ukungu, yakagonga ardhi, na yale yaliyorudi yakapimwa nguvu. Penye mawe na mikwaruzo mawimbi hutawanyika, mengine hukirudia chombo, na mahali hapo panaonekana peupe. Penye uso laini mawimbi huteleza yakaenda zake upande wa pili, na panaonekana peusi. Julai 2006, kilipopita juu ya maeneo ya karibu na ncha ya kaskazini ya Titani, yakajitokeza madoa meusi, mengi, yenye kingo zilizopinda kama za fukwe. Yalikuwa maziwa. Wewe unayenisikiliza sasa hivi una haki ya kuona fahari kidogo, maana maziwa ya Titani yameonekana kwa mawimbi ya redio, ndugu wa haya yanayokuletea sauti yangu.

Kilichojaa ndani ya maziwa hayo ni methani na ethani. Methani ndiyo sehemu kubwa ya ile gesi asilia ya Songosongo, Kilwa, inayokuja kwa bomba hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme. Kwetu ni gesi. Titani kuna baridi ya nyuzi 179 chini ya sifuri, kwa hiyo methani inakuwa kimiminika, inanyesha kama mvua, inatiririka mitoni, inajaa maziwani. Na kwa kuwa Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia uliamua kwamba maziwa ya Titani yapewe majina ya maziwa ya duniani, ukanda wetu umepata fungu lake. Kuna Rukwa, kuna Kivu, kuna Mweru, kuna Rwegura ya Burundi, na kuna Nakuru, ambalo kule limeorodheshwa miongoni mwa mabonde ya maziwa yaliyokauka. Hilo la Kivu ndilo linalonichekesha, maana Kivu la duniani, lile la Goma na Bukavu, nalo limebeba methani nyingi iliyoyeyuka kilindini, na Rwanda wanaivuta kuwashia umeme. Sijui kama waliopanga majina walilifikiria hilo. Mwaka 2012 Cassini kilinasa mng'ao wa jua uliodunda juu ya Kivu la Titani, na uso hauwezi kumeremeta namna ile kama si laini kama kioo.

Sasa nije kwenye ubishi, maana hakuna habari inayopita Ukonga bila ubishi. Picha hizi nilizionyesha kwenye kijiwe cha kahawa, pale njiani kuelekea Banana, kwa simu. Kijana wa bodaboda akazitazama, akanirudishia simu: "Braza, hiyo kompyuta hiyo." Mzee mmoja, mstaafu, akanywa funda lake kwanza, ndipo akauliza: "Mwanangu, aliyepiga alisimama wapi?"

Maneno hayo mawili ndiyo yaliyonileta leo kwenye kipaza sauti, na siyadharau hata kidogo. Kijana amesema kweli nusu. Mzee ameuliza swali ambalo vitabu vyetu vya shule havijawahi kulijibu.

Tuanze na la mzee. Hakuna aliyesimama. Kamera imefungwa kwenye chombo chenyewe, na chombo kimeandikiwa mapema, miezi kabla, kwamba saa fulani na sekunde fulani geuka upande huu, fungua jicho kwa muda kadhaa, funga, hifadhi. Hakuna mtu duniani anayeweza kubonyeza kitufe wakati wa tukio, kwa sababu amri yenyewe inachukua saa nzima na zaidi kufika Zohali, ijapokuwa inasafiri kwa kasi ya mwanga. Chombo kikishamaliza kazi hugeuza antena yake kuelekea duniani na kuanza kutuma namba. Nasema namba. Kamera ya Cassini ilikuwa na mraba wa nukta 1,024 kwa 1,024, yaani kama milioni moja, ambazo ni chache kuliko za simu janja yoyote inayouzwa Kariakoo leo. Kila nukta imepewa namba ya kueleza mwanga uliofika pale ni mwingi kiasi gani. Zikifika huku, kompyuta inazipanga mstari kwa mstari, na picha inapatikana. Hapo ndipo kijana wa bodaboda anaposhika ukweli wake: ndiyo, kompyuta imehusika, tangu mwanzo hadi mwisho.

Kuhusu rangi atashangaa zaidi. Kamera hiyo haikuwa na rangi. Ilipiga picha nyeusi na nyeupe tu, lakini mbele ya jicho lake kulikuwa na magurudumu ya vichujio. Kinawekwa kichujio cha rangi nyekundu, inapigwa picha. Kinawekwa cha kijani, inapigwa nyingine. Kinawekwa cha buluu, inapigwa ya tatu. Zikifika duniani zinalazwa moja juu ya nyingine na rangi inazaliwa. Wakati mwingine wataalamu wanatumia vichujio vya mwanga ambao jicho la mtu haliuoni kabisa, kisha wanaupa rangi ya kubuni ili tofauti ya mawingu au ya udongo ionekane. Picha za aina hiyo huwa za kuvutia mno, na ndizo zinazosambaa. Kwa mpangilio huo, mtu akisema "zimetengenezwa", hajakosea. Anakosea akimaanisha "zimebuniwa". Shati la fundi cherehani nalo limetengenezwa, lakini kitambaa kilikuwapo.

Na hao wanaozitengeneza wameshawahi kupotoka mbele ya macho ya watu. Julai 1976 chombo cha Viking 1 kilitua Mirihi, na picha ya kwanza ya rangi iliyotolewa ilionyesha anga ya buluu, ya kupendeza, kama ya hapa kwetu mwezi wa sita. Watu wakafurahi. Baadaye wataalamu wakapima tena kwa kutumia ubao mdogo wa rangi uliobandikwa kwenye chombo, ule ambao rangi zake halisi wanazijua, wakagundua wamekosea mizani. Anga ya Mirihi haikuwa ya buluu, ilikuwa na rangi ya waridi iliyochanganyika na vumbi. Walipotangaza hivyo, waandishi wa habari waliokuwamo ukumbini wakazomea. Ndivyo tulivyo binadamu: tulitaka anga inayofanana na yetu. Lakini angalia nani aliyesahihisha. Ni wale wale waliokosea, tena ndani ya siku chache, na sababu wakaitaja.

Mfano wa Neptuni unaniuma zaidi, kwa sababu huo ulidumu. Agosti 1989 Voyager 2 kiliipita Neptuni, na hadi leo hakuna chombo kingine kilichowahi kufika kule. Picha iliyotoka ilikuwa ya buluu iliyokolea sana, na ndiyo iliyoingia kwenye vitabu, kwenye chati za ukutani madarasani, kwenye madaftari yenye majalada ya kung'aa. Kumbe rangi ile ilikuwa imekolezwa makusudi ili mawingu na mikanda ya upepo ionekane vizuri. Wataalamu waliandika hivyo kwenye maelezo ya chini ya picha. Kisha picha ikasafiri, maelezo yakabaki nyuma. Januari 2024 kundi la watafiti lililoongozwa na Patrick Irwin wa Chuo Kikuu cha Oxford likachapisha hesabu upya na kuonyesha kwamba Neptuni na Uranus zina rangi inayokaribiana sana, buluu hafifu yenye ukijani, Neptuni ikizidi kidogo tu. Karibu miaka 35 dunia nzima imefundishwa rangi isiyokuwapo, na hakuna aliyedanganya! Kilichotokea ni mtu fulani, mahali fulani, kukata mistari miwili ya maandishi ili picha ikae vizuri kwenye ukurasa.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema leo, mengine ni nyongeza. Ugonjwa wa picha za anga hauko kwenye kamera wala kwenye kompyuta. Uko kwenye kukatwa kwa maelezo. Picha ya rada inaletwa kwako kama ya kamera, picha ya rangi ya kubuni inaletwa kama ya macho, na mchoro wa msanii unaletwa kama picha halisi. Halafu inaingia kwenye makundi ya WhatsApp, ambako hakuna anayeuliza. Mnajua ule ujumbe unaozuka karibu kila mwezi wa nane, kwamba usiku wa tarehe 27 Mirihi itaonekana kubwa kama mwezi? Chanzo chake ni tukio la kweli la Agosti 2003, Mirihi iliposogea karibu na dunia kuliko ilivyowahi kusogea kwa maelfu ya miaka. Maelezo yalisema ungeiona hivyo kwa darubini yenye kukuza mara 75. Sehemu ya darubini ikadondoka njiani. Watu wa Mazizini na Kitunda wametoka nje na watoto, wakaona nukta nyekundu, wakarudi ndani wakisema wazungu waongo.

Kwa nini basi tuamini kwamba hazikutungwa? Mimi naangalia hasara. Mwenye kutunga hadithi hajitungii hasara. Januari 14, 2005 chombo kidogo cha Huygens, kilichobebwa na Cassini, kilishuka kwa miavuli hadi juu ya ardhi ya Titani. Kilitakiwa kutuma picha 700 hivi kupitia njia mbili za mawasiliano. Amri ya kuwasha kipokezi kimoja kati ya viwili ilisahauliwa kwenye orodha. Ilisahauliwa tu, kama mtu anavyosahau kuwasha swichi. Nusu ya picha zikapotea milele, na shirika la anga la Ulaya likasimama likakiri. Tukapata 350. Moja ikaonyesha mawe ya mviringo yaliyolainishwa, ya aina unayoyaona kwenye mito yetu ya msimu.

Naangalia pia subira. New Horizons kiliipita Pluto Julai 14, 2015. Kwa umbali ule kasi yake ya kutuma ilikuwa biti elfu moja hadi mbili hivi kwa sekunde, na mzigo wote ulikuwa kama gigabaiti 6. Bando la namna hiyo kijana wa Gongo la Mboto anaweza kulimaliza Jumamosi moja kwa mpira na vichekesho. Kilichukua hadi Oktoba 2016 kumaliza kutuma, miezi 15, namba kwa namba.

Na zaidi ya yote naangalia mambo ambayo hayakuwa kwenye mpango. Machi 1979 Voyager 1 kilikuwa kimeshaipita Mshtarii, kinaangalia nyuma. Mhandisi Linda Morabito alikuwa na kazi ya kawaida kabisa, ya kutafuta mahali chombo kilipo kwa kupima nyota zilizo nyuma ya mwezi uitwao Io. Nyota zilikuwa hafifu, akaongeza mwangaza wa picha. Pembeni mwa Io kukatokea wingu kubwa lenye umbo la mwavuli, limepanda mamia ya kilomita. Haikuwa kasoro ya kamera. Ilikuwa volkano inaripuka, ya kwanza hai kuonekana nje ya dunia. Sisi wenye Ol Doinyo Lengai tunajua mlima unaotema moto ni kitu gani, lakini Io una volkano hai kwa mamia, kwa sababu Mshtarii na miezi jirani wanauvuta huku na huku hadi tumbo lake linayeyuka. Picha iliyofichua hayo ilipigwa kwa ajili ya kazi nyingine kabisa.

Sasa turudi nyumbani kidogo, maana majina yetu huko juu ni mengi kuliko mnavyodhani. Mwaka 1937 mtaalamu Cyril Jackson, akiwa kwenye kituo cha darubini cha Johannesburg, aligundua mfululizo wa asteroidi, yale mawe yanayolizunguka jua kati ya Mirihi na Mshtarii. Namba 1427 ikaitwa Ruvuma. Namba 1428 ikaitwa Mombasa. Namba 1429 ikaitwa Pemba. Wenzangu wa Ukonga wanaoshukia kituo cha Mombasa wasianze kudai. Ni ile ya pwani ya Kenya. Hadi leo mawe hayo matatu hayajatembelewa na chombo chochote, na kwenye darubini ni nukta tu za mwanga.

Jiwe lililotembelewa ni jingine. Aprili 20, 2025 chombo kiitwacho Lucy kilipita umbali wa kilomita 960 hivi kutoka kwenye asteroidi ya Donaldjohanson. Jiwe lina urefu wa kilomita 8 hivi, mabonge mawili yameungana kwa shingo nyembamba. Chombo kimepewa jina la mifupa ya kale iliyopatikana Ethiopia mwaka 1974, na asteroidi imepewa jina la aliyeipata mifupa hiyo, Donald Johanson. Picha zilipofika na ramani ikachorwa, Umoja wa Wanaastronomia ukaidhinisha majina. Bonge dogo likaitwa Afar, kwa heshima ya Ethiopia. Bonge kubwa likaitwa Olduvai.

Ni Olduvai yetu, msikilizaji, korongo la Ngorongoro ambako Mary Leakey aliliona fuvu la Zinjanthropus Julai 17, 1959. Na fuvu hilo, kwa taarifa ya wakazi wa jiji hili, limehifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, unapanda daladala ya Posta unafika. Jina hilo lilipopandishwa angani sikusikia watu wakilizungumza kwenye daladala wala kijiweni. Timu ya mpira ikisajili mchezaji wa akiba tunakesha.

Tuna picha nyingine iliyokwenda mbali zaidi, ingawa hiyo haikupigwa angani, ilipelekwa. Vyombo viwili vya Voyager, vilivyorushwa mwaka 1977, vimebeba sahani zilizopakwa dhahabu, zenye sauti na picha za dunia, ikitokea siku moja viumbe wengine wavikute. Miongoni mwa picha hizo yumo Jane Goodall na sokwe, huyo aliyeanza kazi yake Gombe, Kigoma, mwaka 1960. Salamu zimerekodiwa kwa lugha 55. Kiganda kimo. Kinyanja kimo. Hata Kihiti kimo, lugha iliyokufa zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita. Kiswahili hakimo. Nimelitafakari hilo mara nyingi na bado linanikera, lakini vyombo vimeshatoka nje ya himaya ya jua na havirudi kuchukua abiria.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya wenye fedha, Marekani na Ulaya, sisi tunatazama tu. Wasubiri kidogo. Februari 2021 Falme za Kiarabu zilifikisha Mirihi chombo chao, Al-Amal, na kinaongozwa kutoka Dubai, mji ambao nusu ya wafanyabiashara wa Kariakoo wanaujua vichochoro vyake. Machi 2023 kikapita kama kilomita 100 tu kutoka kwenye Deimos, mwezi mdogo wa Mirihi, kikaupiga picha ambazo hakuna aliyewahi kuzipata kwa undani ule. Nchi ile ina umri mdogo kuliko Uhuru wetu. Na hapa jirani, Malindi, kuna kituo kinachofuatilia roketi tangu enzi za San Marco, jukwaa la kurushia roketi, ambako Desemba 12, 1970, siku ya Jamhuri ya Kenya, ilirushwa setilaiti ya kupima miali ya eksirei kutoka anga za mbali, ikapewa jina la Uhuru. Darubini ya James Webb iliporushwa siku ya Krismasi mwaka 2021, Malindi ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyofuatilia safari yake. Mwaka uliofuata Webb ikatuletea picha ya Neptuni na pete zake, wazi kuliko zote tangu Voyager 2. Ndiyo, Neptuni ina pete. Mshtarii pia inazo, na Uranus. Za Zohali zinajulikana tu kwa kuwa zinang'aa: vipande vya barafu ya maji, vilivyotandazwa kwa upana wa kilomita 280,000 hivi, na unene ambao sehemu nyingi ni mita 10 au zaidi kidogo. Jengo la ghorofa nne lingechungulia upande wa pili.

Basi mwenye shaka afanye nini? Aendelee na shaka yake, lakini aifanyie kazi. Picha ghafi za Cassini, za Voyager, za magari yanayotembea Mirihi, zote ziko wazi kwa umma, bila malipo, na kila moja ina maelezo yake: siku na saa iliyopigwa, kichujio kilichotumika, umbali. Chombo cha Juno, kinachoizunguka Mshtarii tangu Julai 2016, kimebeba kamera iliyowekwa hasa kwa ajili ya wananchi. Chombo chenyewe kinajizungusha mara mbili hivi kwa dakika, kwa hiyo picha zinakuja vipande vipande, na zinaachwa hadharani zilivyo, ili anayetaka aziunge mwenyewe. Picha nyingi za Mshtarii mnazozisifia, zile za mawingu yanayozunguka kama rangi iliyomwagwa, zimeungwa na watu wa nje ya shirika lililokirusha chombo, wakiwa nyumbani kwao na kompyuta zao. Hakuna aliyewauliza pasipoti.

Ombi langu ni kwa walimu wa jiografia na fizikia wa huku kwetu, Ukonga, Pugu, Kivule, Mongolandege. Chati ya ukutani yenye Neptuni ya buluu iliyokolea msiichane, iacheni, ila andikeni chini yake kwa kalamu ya wino kwamba rangi imekolezwa, na mwaka wa picha ni 1989. Kisha wapeni wanafunzi kazi ya nyumbani: kila mmoja alete picha moja ya sayari, mwezi au pete, pamoja na chombo kilichoipiga, tarehe, na kama ni ya kamera, ya rada au ya kuchorwa. Atakayeleta picha bila maelezo, msimpe alama.